Nani Alianza

Machi 9, Jumapili

Nimehamia kwa mwanangu leo na sanduku langu, pasi yangu na dodoki langu. Paa la kwangu limeshindwa na mvua ya kwanza tu, na fundi anasema hagusi bati mpaka mvua ziishe. Kwa hiyo nitakuwa mgeni msimu mzima, mimi ambaye maisha yangu yote nimepokea wageni na kuwasema wakishaondoka. Daftari hili nilinunua niandike presha kama nilivyoagizwa, lakini presha ni namba mbili tu kwa siku, na kurasa ni nyingi.

Nyumba ni vyumba viwili na sebule. Mwanangu ni fundi umeme, yuko kwenye mradi wa mbali, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mkewe anapaki mikate kiwandani, zamu ya alfajiri. Wajukuu ni wawili: msichana wa darasa la pili tunayemwita Maswali, na mdogo wake Kibonge, ambaye bado hajatimiza mwaka. Nyumba si chafu. Haijang'aa tu.

Machi 12

Mvua. Nguo hazikauki.

Machi 14

Nimetokwa na jipu kwapani, upande wa kushoto. Nimelikamua bafuni kwa vidole vya mkono wa kulia mpaka likatoa usaha. Nimesimamia chumba cha kufulia cha hoteli mpaka nikastaafu, na wasichana wote waliopita mikononi mwangu wanaijua kanuni yangu: doa huondolewa likiwa bichi. Nimejisugua kwa dodoki, nikaweka kitambaa, kwisha kazi. Sijamwambia mtu. Jipu la kwapani watu husema ni la asiyeoga, na mimi wananijua kwa jina la Mama Sabuni.

Machi 17

Nimechukua kazi ya kuwaogesha watoto ili mkwe wangu apumzike akitoka zamu. Yeye anawaogesha kwa ncha za vidole, utadhani anaogopa watafutika. Mimi naogesha. Beseni moja la maji ya uvuguvugu, mkubwa kwanza, mdogo baadaye, dodoki mpaka ngozi iseme. Mkwe alisema kwa sauti ya chini kwamba Maswali ana dodoki lake na taulo lake. Nikamwambia watu wa damu moja hawachafuani, dodoki langu linatosha wote. Akanyamaza. Ana kunyamaza fulani kunakoniudhi kuliko jibu.

Machi 23

Maswali ana uvimbe pajani, mwekundu, unauma. Nimeuwahi. Nilimlaza mapajani mwangu nikaukamua kabla haujaiva, na alipolia nikamwambia doa bichi halisubiriwi. Akaniuliza, "Bibi, kwani mimi ni nguo?" Nikacheka. Imetoka damu tu, usaha umebaki ndani.

Machi 27

Paja limekuwa gumu, na yametoka mengine mawili, moja nyuma ya goti na moja pale anapokalia. Ameshindwa kukaa darasani, akarudishwa nyumbani. Mkwe akasema ataomba ruhusa ampeleke zahanati. Nikamwambia zahanati ni ya wagonjwa, jipu ni jipu tu. Nikayakamua yote matatu. Mkwe alitoka nje, akasimama mvuani mpaka mtoto aliponyamaza.

Machi 29, Jumamosi

Mwanangu amekuja. Nilimvuta pembeni nikamwambia mwanamke anayelala mchana hawezi kujua godoro la watoto lina hali gani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Akasema, "Mama, anaamka saa tisa usiku." Nikamwambia mimi nimeamka saa tisa miaka mingi na hakuna mtoto wangu aliyeota majipu.

Na kweli hakuna. Ila leo kwapa linawasha pale pale pa zamani.

Aprili 2

Nguo zinanuka unyevu. Nilikwenda kuomba makaa kwa jirani, fundi cherehani, mwanamke mcheshi ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimwi. Aliuliza habari za mguu wa mtoto. Ningeweza kusema anaendelea vizuri. Badala yake nikakaa kwenye stuli ya wateja nikamwaga yote: taulo zisizoanikwa, vyombo vinavyolala, mama anayerudi kutoka kwenye mikate na kujilaza na watoto bila hata kuoga. Hilo la mwisho si kweli, huoga kila siku akirudi. Lilitoka tu, kwa sababu Redio alikuwa anasikiliza vizuri sana.

Aprili 5

Mkwe ameomba ruhusa na tumekwenda zahanati. Nilikwenda nao ili nisimamie.

Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kucha fupi. Aliyatazama majipu ya Maswali bila kuyagusa kwanza. Akauliza nani ameyaminya. Nikasema mimi, tena kwa fahari. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ukiminya jipu ambalo halijaiva, usaha unapasukia ndani na kusambaa, na vidole vinapeleka mdudu kwingine. Linakandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mara kadhaa kwa siku, linafunikwa, likikataa linaletwa yeye apasue. Mikono inaoshwa kabla na baada. Kila mtu taulo lake, dodoki ni bora litupwe kabisa, shuka na taulo zifuliwe kwa maji ya moto sana. Akaandika vidonge vya mtoto, na sabuni ya dawa.

Kisha akaweka kalamu chini, akauliza, "Nani alianza nyumbani?"

Alieleza kwa nini anauliza. Mdudu huyu anaweza kukaa kwa mtu puani au kwapani, kimya, naye akawa anawagawia wengine bila kujua. Asipotibiwa huyo wa kwanza, wengine watapona na kurudia, watapona na kurudia. Ndiyo maana alitaka kila aliyewahi kutoka hata jipu moja siku za karibuni apate sabuni na mafuta ya kupaka puani.

Mkwe akasema alianza mtoto, labda kwa wenzake shuleni. Daktari akanigeukia. "Na wewe, mama? Huna lolote?"

Nikasema, "Mimi? Mimi wananiita Mama Sabuni." Wote wawili wakacheka kidogo, kwa heshima. Nilibana mkono wa kushoto ubavuni mpaka tukatoka.

Aprili 6

Lakini kufua, hilo hakuna wa kunifundisha. Nimechemsha taulo zote na shuka zote, na kwa kuwa jua hakuna, nimezipiga pasi zikiwa mbichi mpaka mvuke ukajaza sebule. Kila taulo nimelishonea uzi wa rangi yake, nyekundu Maswali, kijani mama, buluu baba, njano Kibonge. Mkwe aliporudi akasimama mlangoni akatazama. "Mama, una mikono," akasema. Sikuweza kumtazama usoni.

Langu nimelishonea uzi mweupe. Dodoki nimelitupa. Jipu jipya la kwapani nalikamua nikiwa nimefunga mlango.

Aprili 9

Mkwe amerudi kabla ya saa mbili asubuhi. Nilidhani anaumwa. Alikaa mezani na kofia ya kazini mkononi, ile ya wavu wanayofunika nywele, anaikunja na kuikunjua.

Msimamizi wa zamu alimtoa meza ya kupakia mbele ya wenzake wote. Habari zimefika kiwandani kwamba kwake kuna majipu na kwamba yeye ni mtu asiyeoga. Wakamkagua mikono, wakamkagua shingo, hawakuona kitu, na bado akaambiwa aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Mdogo wake Redio yuko pale pale kiwandani, kwenye chumba cha tanuri. Sikulijua hilo. Ningelijua, ningenyamaza? Naandika hapa kwa ukweli: sina hakika.

Alinieleza yote hayo mimi. Hakuna mwingine wa kumweleza mchana. Akasema, "Kinachoniuma Mama, walininusa. Mmoja alisogea akaninusa."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Nilimpa maji ya kunywa.

Aprili 10

Presha iko juu. Mvua.

Aprili 14

Maswali amepona, amerudi shule. Madoa tu ndiyo yamebaki. Mkwe anaosha kila kitu kwa sabuni ya dawa, hata vitasa. Anawaogesha watoto mwenyewe sasa, kila mmoja na maji yake, na mimi sisemi neno. Nimemtazama. Si ncha za vidole, nilikosea. Ni mkono mzima, polepole, anapita kila mkunjo wa yule mnene, kisha anaufuta ukauke. Sikuwahi kutazama.

Kazini hawajamwita. Mwanangu amempigia msimamizi, hakupokelewa.

Aprili 22

Jipu limerudi kwa Maswali, begani. Mkwe akalikanda kwa maji ya moto, akalifunika, akanawa. Alifanya kila kitu alichoambiwa. Kisha akakaa chini kwenye sakafu ya bafu akasema, "Sijui ninakosea wapi." Hakusema kwa kulia. Alikuwa anatafuta kweli, anahesabu: shuka, taulo, kucha, kitanda.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimembeba Kibonge. Huwa nambeba kushoto, kichwa chake kinalala hapa, kati ya mkono na kifua.

Aprili 23

Nimemwambia mkwe mkono unaniuma, sitambeba mtoto kwa siku chache. Akanipa dawa ya kuchua. Nimejiona mwema kwa hilo, kutombeba. Mtu akishaanza kujidanganya, wema ni rahisi kuupata.

Aprili 26

Redio alipita na magauni mkononi. Aliniambia kwa kicheko kwamba mtaa unasema Mama Sabuni ameshindwa na majipu ya mkwe. Sikucheka. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba mkwe wangu naye angejitokeza mapema kusingekuwa na balaa lote hili. Nikajibu, "Kweli." Nimeitikia hivyo kabisa, mtu mzima na akili zangu.

Mei 1

Kibonge anasumbuka. Labda ni meno.

Mei 3, Jumamosi

Si meno.

Asubuhi mkwe alimvua nguo akaona uvimbe shingoni, chini ya sikio, mwekundu unaong'aa. Kufika saa sita wekundu ulikuwa umetambaa mpaka kwenye taya, na mtoto alikuwa wa moto, amekataa titi, analia kilio chembamba kisichokuwa chake. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anaweka begi chini. Alikwenda kutafuta gari mvuani, kisha akabaki na Maswali, na mkwe akaniambia, "Twende, Mama, wewe una kichwa kitulivu."

Hospitali walimpokea mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Wakamchoma sindano ya mshipa mkononi, mkono wenyewe mdogo kiasi kwamba ilibidi watafute mara tatu. Daktari wa wodi ni kijana mrefu, anaongea haraka. Alisema maambukizi yameingia kwenye nyama, ataanza dawa ya mshipani, na usaha utatolewa. Wamemwahi, akasema; angecheleweshwa mpaka kesho, asingerudi nyumbani. Nilielewa alichomaanisha kwa mtoto kutorudi nyumbani.

Kisha akauliza maswali yale yale. Nani mwingine ameumwa. Mkwe akamweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio mzuri, dawa, sabuni, taulo. Daktari akasema, "Kama yote hayo yamefanyika, kuna mtu bado ana mdudu huyu. Nani mwingine yuko nyumbani?"

Mkwe akasema, "Bibi yao tu. Yeye hana kitu, daktari. Yeye ndiye aliyetuchemshia kila kitu. Ni msafi kuliko sisi sote."

Aliweka mkono begani pangu aliposema hivyo. Amesimamishwa kazi kwa ajili ya mdomo wangu, mtoto wake amelazwa kwa ajili ya kwapa langu, na ananitetea. Nimewahi kuona aibu maishani. Niliwahi kuanguka mbele ya meneja na kapu la shuka. Hiyo haikuwa aibu, ilikuwa mchezo.

Daktari aliitwa kitanda kingine. Nikamwambia mkwe nikiwa namtazama mtoto, "Mimi nilianza."

Hakuelewa. Nikasema tena. Nikainua mkono, hapo hapo kando ya kitanda, na blauzi ilikuwa imelowa.

Aliinama akatazama. "Tangu lini?"

"Kabla ya Maswali."

"Kabla hatujaenda zahanati."

"Kabla."

"Uliulizwa pale, Mama. Mimi nilikuwepo."

Nikasema ndiyo. Nikaendelea kusema kwa sababu nilijua nikifunga mdomo sitaufungua tena: na maneno yaliyofika kiwandani, ya kwamba huogi, niliyasema mimi kwa Redio, na nilijua si kweli nilipokuwa nayasema. Mama mmoja kitanda cha pili alijifanya analala.

Nilingoja anitukane. Ningelishika tusi hilo kwa mikono miwili. Yeye alivuta shuka ya mtoto, akaifunika miguu yake, akasema, "Nenda kamwambie daktari. Sasa hivi, kabla hajaondoka." Basi. Nikaenda, nikamfuata daktari kwenye korido nikimwita, huku nimeshika kwapa.

Mei 4

Wamenipasua. Inauma. Wameziba kwa bendeji, wamenipa vidonge, sabuni, na mafuta ya puani. Yule muuguzi aliniuliza kwa nini nilichelewa hivi. Nikamwambia niliona haya. Akasema wengi huona haya, akaendelea na mgonjwa mwingine. Nilidhani dhambi yangu ni kubwa kuliko ya wengi.

Mei 5

Mwanangu ameomba ruhusa abaki wiki hii. Hajui. Mkewe hajamwambia. Amemwambia tu nina jipu. Ameniachia nimwambie mwenyewe, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kama angenishtaki.

Mei 6

Nimemwambia. Alikuwa anarekebisha soketi, mgongo kwangu, na hakugeuka. Aliuliza, "Ukasema ki nguoni mwangu?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Mei 9

Homa ya Kibonge imeshuka. Ananyonya.

Mei 12

Mtoto karudi nyumbani na kovu shingoni. Mkwe anazungumza nami kuhusu dawa na chakula, hakuna zaidi. Bendeji yangu siwezi kuibadilisha mwenyewe, mkono haufiki. Kila jioni ananawa, ananiambia niinue mkono, anasafisha, anafunika, anaweka taka kwenye mfuko na kuufunga, ananawa tena. Haumizi. Sijawahi kuguswa kwa uangalifu hivyo na mtu aliyenikasirikia.

Mei 14

Nimekwenda kiwandani. Nilivaa gauni langu la kanisani na kukaa getini mpaka zamu ilipobadilika. Msimamizi alidhani nimekuja kuomba kazi. Nikamwomba aniache niseme mbele ya wale waliosikia ya kwanza, akakataa, akasema hapa si mahakamani. Lakini wasichana walikuwa wanapita kutoka na kofia zao za wavu, na mimi sauti ya chumba cha kufulia ninayo bado. Nikasema ugonjwa ulikuwa wangu, na uchafu ulikuwa wa mdomo wangu, na yule mliyemnusa ndiye mtu msafi wa nyumba ile. Wengine waliangalia chini. Mmoja alicheka. Mdogo wake Redio alisimama mpaka mwisho, kwa hiyo najua mtaa mzima umeshapata habari.

Msimamizi akasema mkwe alete cheti cha daktari, watamwangalia.

Mei 19

Amerudishwa, lakini si mezani. Anaosha trei. Maji ya moto siku nzima, na mshahara umepungua. Nilidhani nikisema ukweli kila kitu kitarudi mahali pake.

Mei 21

Nimekunja nguo zangu niondoke, mvua au bila mvua. Mkwe amenikuta na sanduku wazi. Akauliza vidonge vimebaki vingapi. Nikamwonyesha. Akasema, "Humalizi dawa, unaondoka, unakwenda kuwapa watu wengine. Kaa umalize." Nikamuuliza, na nikimaliza je? Akasema nikimaliza tutajua.

Maswali alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Bibi, uliogopa nini?" Nikamwambia niliogopa kuchekwa.

Mei 24

Redio amekuja kunijulia hali. Nimempokea sebuleni, kwenye kiti. Hakupata kitu.

Mei 30

Vidonge vimekwisha. Zahanati wameangalia, kidonda kimefunga, pakavu. Daktari mpole alinikumbuka. Hakutaja sabuni.

Juni 2

Mvua imekatika siku ya tatu leo. Fundi wa bati amepiga simu, anaanza Alhamisi.

Jioni mkwe alikuwa anapika na Kibonge anamlilia miguuni, anataka kubebwa. Sijamgusa mtoto huyo tangu Aprili. Nilikuwa nimekaa mbali, mikono mapajani, kama ilivyokuwa kawaida yangu siku hizi. Mkwe alizima jiko, akamwinua, akanitazama muda ambao sikuupenda.

"Nawa mikono, Mama," akasema.

Nikaenda. Nilinawa mpaka kwenye kiwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha, maji yanamwagika na yeye ananisubiri. Nikarudi nikanyoosha mikono mbele yake. Kwa mkono mmoja alikuwa amembeba mtoto, kwa hiyo alinigeuza viganja kwa ule mwingine, akatazama mbele, akatazama nyuma. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kisha akanipa mtoto, upande wa kulia.